Kanga Uliyoitandika Uwanjani

Mama Twalibu, mke wangu,

Assalaam alaykum, ingawa najua huko uliko salamu zetu hufika kwa dua tu. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu Jeppestown, hapa hapa Johannesburg, karatasi nimeiweka juu ya kile kibao ninachokatia ngozi, na jirani yangu mchomelea vyuma ananipigia kelele kama kawaida yake. Ungekuwepo ungenicheka, ungeniuliza tangu lini fundi viatu akawa karani. Nicheke tu. Watu wa Unguja hamkosi la kusema, na sisi wa Tanga tumeshazoea kuonewa. Lakini nina habari ya mtoto, na maisha yetu yote sikuwahi kupata habari ya mtoto nikaacha kukuletea wewe kwanza.

Unakumbuka mchezo wenyewe ulivyoingia nyumbani mwetu? Kocha Dumisani alifika hapa kibandani na gunia la glavu zilizokatika kamba, akasema mji mzima amekosa wa kumtengenezea. Mimi besiboli sikuwa nimeiona hata kwenye televisheni, lakini ngozi ni ngozi. Nikazifuma upya. Twalibu akirudi shule anapita hapa, anaingiza mkono katika glavu moja baada ya nyingine, hatimaye Kocha akamwambia basi njoo uwanjani. Uwanja ule chini ya kilima cha Observatory, wenye uzio wa waya na majani yaliyokauka. Baada ya muda mfupi Kocha akatuambia kwamba mkono wa mtoto huyu haufundishwi, umekuja nao duniani.

Wewe mwanzoni uliudharau. Ulisema ni mchezo gani huu, mtu anapiga mpira kisha anakimbia kama mwizi. Lakini ni wewe uliyeuelewa kabla yangu, na ni wewe uliyenieleza kwamba mpigaji lazima azunguke vituo vyote na mwisho akanyage kile kibao cheupe alichosimama kando yake alipopiga, na asipokikanyaga, mbio zake zote ni bure. Jumamosi ulikuwa sokoni Newtown ukiuza kanga zako na madera yako, Jumapili ulikuwa uwanjani na hotpoti ya vitumbua na chupa ya chai. Ulikaa chini ya kivuli cha ule ukuta wa choo kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine.

Na tabia ya mwanao unaikumbuka pia, usijifanye umesahau kwa kuwa umekufa. Akitolewa mchezoni anatupa kofia ngumu hadi inagonga uzio. Akiona mpira alioupiga utadakwa, hakimbii, anatembea kama mtu anayekwenda duka la spaza kununua mkate. Mdogo akikosea, anamfokea mbele ya watu. Mchezo ukiisha, magongo na mabegi wanabeba wengine. Na wewe alikuambia usimwite kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Alizaliwa hapa hapa, Kizulu kwa marafiki, Kiingereza kwetu, na Kiswahili chake kilitoka akitaka kitu. Tulisema ni umri. Mzazi akikosa jibu husema ni umri.

Kisha mwaka 2016 akaja yule mzee Mmarekani mwenye kofia ya ukili, mtafuta vipaji, anayezunguka nchi kwa nchi kuchagua vijana wa kupelekwa vyuo vya kwao wakasome na kucheza. Watoto wote siku ile walivaa soksi safi. Twalibu alipiga mipira ile mpaka mimi nisiyejua kitu nikasimama. Mzee akaja kwenye waya, akamsalimu, akamuuliza amekuja na nani. Wewe ulikuwa nyuma yao kidogo tu, na hotpoti yako. Twalibu akasema hakuja na mtu, amekuja peke yake.

Mimi sikuyasikia hayo. Nilichokiona ni kwamba mchezo ulipokaribia kwisha Twalibu akatolewa, kofia ikaruka, na yule mzee akakunja kiti chake akaondoka. Kocha alikuja kibandani siku ya pili. Alisema mzee amesifu mkono wa mtoto, lakini ameiona kofia ikiruka na ameona mpira aliokataa kuukimbilia, na kijana wa namna hiyo hawezi kumpeleka mbali na wazazi wake, kwa kuwa baada ya miezi michache angelazimika kumrudisha. Alisema wenye mikono mizuri ni wengi. Twalibu akasema tumenyimwa kwa sababu ni wageni, akabamiza mlango. Mimi nikataka kumwamini, maana katika mji huu sababu hiyo haiko mbali, ukinyoosha mkono unaigusa.

Jioni ile tulikuwa tunakunja kanga za kuuza, wewe ncha hii na mimi ncha ile, ndipo uliponiambia. Ulisema, "Alisema hana aliyekuja naye. Kiingereza kiasi hicho nakijua." Nikaiachia kanga nimfuate. Ukanishika mkono. "Usimwambie kama nilisikia. Akijua ataniheshimu kwa aibu, na mimi siitaki heshima ya aibu." Ukaendelea kukunja. Mimi usingizi nilikosa kwa hasira, wewe ulilala kama mtoto, au ulijifanya.

Jumapili iliyofuata nikakuona unapakia sufuria ya pilau na lile sinia kubwa la harusi yetu. Nikakuuliza kuna shughuli gani, ukasema timu inakula. Watoto wale walizoea kila mmoja na chipsi zake kwenye karatasi, anakula amempa mwenzake mgongo. Wewe ukawakalisha chini mviringo, Wazulu wa kule hosteli, Wakongomani, wale wa nyumba za Observatory wenye mama wa kuwafuata na gari, ukawaambia mkono wa kulia na kila mtu ale mbele yake. Walicheka, wakamwaga wali magotini, wakala. Wewe ukakaa juu ya kreti, unawatazama tu.

Njiani kurudi ukanisomea hesabu yote. Yule mrefu anasukuma nyama kwa mdogo aliye pembeni yake, huyo Kocha asimwache. Yule mwenye hereni anachimba upande wa mwenzake, atamwibia na kituo. Yule mnene anasubiri wote waanze, huyo ndiye nahodha wao hata kama hawajui. "Na wetu?" nikakuuliza. Ukanijibu kwamba wetu alifika katikati ya sinia kabla ya mtu yeyote, na mimi baba yake nilikuwa pale na sikuona. Tangu siku hiyo nikajua kwamba Kocha anawatazama uwanjani na wewe unawatazama kwenye sinia, na sikuwahi kusikia mnatofautiana.

Hukumpa mawaidha. Ulimpa jagi na beseni. Kila Jumapili, kabla ya kula, Twalibu awanawishe wenzake wote mikono, aanze na mdogo kuliko wote, na yeye anawe mwisho. Lo, alivyochukia! Alinawisha uso umemvimba, maji anawamwagia hadi kwenye viwiko. Mama Furaha, msusi wetu kutoka Bukavu uliyekuwa ukija naye, akakuambia, "Dada, uko natesa mutoto." Ukamwambia mtoto hafi kwa kushika jagi.

Sijui ni lini alianza kubadilika. Sijui hata kama ni jagi, au ni umri kweli, au ni kwa kuwa miguu yako ilianza kuvimba na figo zikaanza kukusumbua, akaona kwamba kuna kitu duniani hakiwezi kufokewa. Nakumbuka tu siku yule mdogo alipodondosha mpira wa mwisho tukafungwa. Twalibu akamwendea, nikasema moyoni leo tunagombana na wazazi wa watu. Akafika, akachukua jagi, akammwagia maji mikononi taratibu. Mtoto akalia, yeye akaendelea kumwagia. Nilikutazama, ukageuza uso kutafuta kijiko.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mwanzoni mwa 2018 Kocha akatuambia yule mzee wa kofia ya ukili anapita tena, na kwamba Twalibu hatakuwa na nafasi ya tatu, kwa sababu mwakani umri wake utakuwa umepita. Hospitali walikukataza kutembea sana. Nikakuomba ubaki, ukaniuliza kama ni mimi niliyembeba tumboni. Tukaenda mguu kwa mguu, Mama Furaha kakushika upande mmoja na mimi mwingine, tukipumzika kwenye kila robot, zile taa za barabarani, hata pale ilipokuwa ya kijani.

Timu yetu ilikuwa nyuma kwa moja, na zamu ilikuwa ya mwisho. Twalibu akapiga. Ule mpira nauona mpaka leo, ulipita juu ya uzio, ukapita juu ya barabara. Mpira ukitoka hivyo mpigaji hana haraka, anavizunguka vituo vyake na hakuna wa kumzuia. Watu wanashangilia, mimi nimeinua mikono, nageuka nikukumbatie, hupo. Nakutafuta, nakuona umeshapita kilango cha waya, uko ndani ya uwanja, unavuta hatua na miguu yako ile iliyovimba, umevua kanga ya mabegani.

Ukaitandika. Pale pale njiani mwa mwanao, kuanzia hatua chache kabla ya kibao cheupe mpaka juu ya kibao chenyewe, ukainyoosha pembe kwa mikono yako kama tunavyowatandikia maharusi kwetu, ukasimama upande wa pili ukapiga kigelegele. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitamani ardhi ipasuke. Refa anapunga mikono, timu ile nyingine inapiga kelele, Kocha kashika kichwa. Na yule mzee pale kwenye kiti chake amesimama. Nikasema moyoni basi, kwisha kazi, mama kaifunga milango yote miwili, wa ushindi na wa safari.

Twalibu alikuwa amefika kituo cha tatu alipokuona. Akapunguza mwendo. Akaja mpaka ukingoni mwa kanga, akasimama. Viatu vyake vilikuwa vya njumu, angekanyaga angeichana. Nilimjua mwanangu wa zamani, nikangoja aruke pembeni, akukemee kwa Kiingereza. Akainama. Akafungua kamba za viatu, cha kulia kisha cha kushoto, akaviweka nje ya kanga, akatembea juu yake na soksi zake taratibu mpaka ulipo, akakubusu mkono. Kisha akaifunua ile pembe, akakikanyaga kibao. Akaikunja kanga akakufunika mabegani, na refa akawa amefika, anauliza kwa ukali huyu mama ni nani. Twalibu akamwambia kwa Kiingereza, samahani bwana, huyu ni mama yangu. Kisha akakugeukia, mbele ya wenzake wote, kwa Kiswahili: "Mama, twende ukakae. Umechoka."

Refa akaikataa ile pointi. Alisema mtu wetu ameingia uwanjani na mkimbiaji amesimama. Kama sheria ndivyo ilivyo mimi sijui, Kocha hadi leo anaapa kwamba sivyo. Siku ile alitaka kwenda kubishana, Twalibu akamshika begani, akasema aache tu. Tukafungwa. Nilimtazama mtoto akiivua kofia ngumu, na nadhani kila aliyemjua alikuwa akiitazama kofia ile. Akaiweka kwenye rafu. Akakusanya magongo, akabeba begi, na juu ya begi akaweka hotpoti yako. Wewe ulikuwa unalia, ukaniambia umemponza mtoto, na mimi pia ndivyo nilivyodhani.

Hukujua yaliyosemwa baadaye, kwa hiyo nakueleza. Yule mzee alimwendea Kocha akamuuliza jambo moja tu, kama kijana huyu ndivyo alivyo siku zote au ni leo kwa sababu ameona mgeni. Kocha akamwambia asimwamini yeye, aje Jumapili bila kuaga. Na alikuja. Alikuja bila ile kofia yake, akasimama nyuma ya uzio, na wewe mwenyewe, hukumtambua, ukamwita kwa mkono aje kula kwa sababu kwako mtu hasimami akitazama watu wanakula. Twalibu alimjua, lakini alimnawisha kwa zamu yake kama wengine, baada ya yule mdogo. Mzee wa watu akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akaingiza mkono moja kwa moja katikati ya sinia, kwenye nyama. Njiani kurudi ukaniambia, "Yule mzee hana adabu ya sinia, lakini maskini ana njaa." Nami nimecheka peke yangu hapa kibandani mara nyingi, nikikumbuka kwamba mtu aliyekuja kumpima mwanao wewe ulimpima, na akaanguka.

Alimuuliza Kocha pia, kanga ile iliandikwa nini. Kocha akaniuliza mimi. Sasa ningemwambiaje kwamba uliichukua harakaharaka kwenye mzigo wa mipasho, na kwamba imeandikwa "Wivu wenu haunikoseshi usingizi"? Nikasema ni dua ya mama kwa mwanawe. Dhambi hiyo tutagawana.

Baridi ya mwaka ule ndiyo iliyokuchukua. Sitakueleza hospitali, ulikuwepo. Nitakueleza makaburini tu, kwa sababu wewe ulikuwa umefunikwa. Siku hiyo asubuhi niliwaambia watafute kitambaa cha kukusitiria tutakapokuteremsha, na Twalibu akaenda sandukuni mwako mwenyewe, akarudi na kanga ile. Ikatandazwa juu ya kaburi, wanaume wameshika pembe zake, maandishi yanatazama mbingu, na nikamwona mzee mmoja wa Tanga akiyasoma, akainamisha uso upesi. Tulioshuka kukupokea ni mimi na mwanao. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Aliviweka pembeni, cha kulia kisha cha kushoto, akashuka.

Barua ya chuo ilikuja baada ya arobaini yako. Wamemchukua. Mzee aliandika mstari mmoja kwa mkono wake chini, anakuulizia wewe na chakula chako. Nilimwambia Kocha ndiye amjibu, mimi sikuweza.

Twalibu ameondoka mwaka huu, 2019. Kabla ya kuondoka alikuja hapa kibandani, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akaingiza mkono katika glavu akautoa, kama alipokuwa mdogo. Akaniuliza, kwa Kiswahili, "Baba, ile siku ya kwanza aliyokuja yule mzee, mama alisikia nilivyosema?" Ulinikataza. Nikaendelea kushona. Kisha nikaona kwamba sasa hawezi tena kukuheshimu kwa aibu, kwa sababu hakuna wa kumwonea aibu. Nikamwambia alisikia, na Jumapili iliyofuata akawapikia pilau wote. Alilia kama wanavyolia wanaume, huku anakaza kamba ya glavu ambayo haikulegea. Nikamwacha aikaze.

Juzi amepiga simu. Amefika mzima wa afya, baridi haijaanza. Anasema chakula kipo tele ila kila mtu na sahani yake, na sasa hajui wenzake atawajuaje. Nilicheka mpaka mchomelea vyuma akazima mashine kunitazama.

Halafu akanieleza siku yao ya kwanza. Kocha wa huko aliwasimamisha mmoja mmoja, aseme jina lake, anatoka wapi, na ni nani aliyemfikisha pale. Wengine walitaja makocha wao, wengine shule, wengine walisema ni juhudi zao wenyewe. Zamu ya Twalibu ikafika, akasema ameletwa na mama yake. Wakamuuliza mama yuko wapi. Akasema yupo Johannesburg, akakaa.

Nikamuuliza mbona hukuwaambia kwamba amefariki.

"Sikutaka wanionee huruma, baba. Nilitaka tu wajue nilikuja na mtu."

Basi hiyo ndiyo habari, Mama Twalibu. Umeisikia wewe kwanza. Lala, mpenzi wangu, Mola akupanulie kaburi lako na kulitia nuru, nami Ijumaa nikijaaliwa nitakuja kukusomea.

Ni mimi mumeo,
Baba Twalibu, fundi viatu wako